Mashine Kuukuu ya Kukereza Inahitaji Oili Gani?

Mashine ya kukereza vyuma iliyotoka kiwandani mwaka 1950 haina chujio la oili. Aghalabu haina hata pampu. Ina matundu yaliyozibwa kwa vigololi vidogo, ina vikombe vya kioo vinavyoangusha oili tone baada ya tone, ina tambi za sufi zinazonyonya oili kutoka kisima kidogo na kuifikisha kwenye shafti. Oili huingia juu, hupita palipo na msuguano, kisha huvuja na kuishia kwenye trei pamoja na chenga za chuma. Waliobuni mashine nyingi za aina hii hawakukusudia oili irudi. Walitaka ipite mara moja, ioshe njia yake, ipotee, na fundi amimine nyingine kesho asubuhi.

Jambo hilo moja linajibu sehemu kubwa ya maswali ambayo wenye mashine hizi huulizana. Watu hubishana kuhusu majina ya kampuni, kuhusu oili ya madini na ya sintetiki, kuhusu nzito na nyepesi. Lakini kila sehemu ya mashine inataka ijibiwe mambo mawili kwanza: oili inafikaje hapa, na ikishamaliza kazi inakwenda wapi? Ukiyajibu hayo sehemu kwa sehemu, uwanja wa kuchagua unakuwa mdogo sana, na oili inayobaki mara nyingi ni ya bei ya kawaida, inayopatikana kwenye duka lolote la vipuri vya malori.

Mashine ninazozizungumzia ni kama Myford ML7, iliyoanza kutengenezwa Beeston karibu na Nottingham mwaka 1946, au South Bend ya inchi 9 ya jimbo la Indiana, Marekani, kazi ya kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906 na mapacha John na Miles O'Brien. Ziko pia Colchester, Harrison na Boxford za Uingereza. Afrika Mashariki mashine za Kiingereza za kizazi hicho bado zinazunguka katika karakana za reli, vyuo vya ufundi, misheni na karakana za mitaani, na nyingi zimeshapoteza kitabu chake cha maelekezo.

Anayebahatika kukipata kitabu naye hukwama. Ataambiwa aweke Shell Tellus 27, ataizunguka miji mizima asiipate, kwa sababu jina hilo lilikwisha sokoni zamani. Na ile 27 haikuwa kipimo cha uzito wa oili. Ilikuwa namba ya bidhaa tu. Kila kampuni ilikuwa na namba zake. Wamarekani walipima uzito kwa sekunde za Saybolt, yaani muda ambao mililita 60 za oili hutumia kupita kwenye tundu dogo la kipimo katika joto maalumu. Waingereza walikuwa na sekunde zao za Redwood, Wajerumani na nyuzi za Engler. Mwaka 1975 ulipochapishwa mfumo mmoja wa kimataifa, ISO 3448, mambo yakawa mepesi: namba iliyo kwenye kopo ndiyo mnato wa oili, kwa milimita za mraba kwa sekunde, ikiwa na joto la nyuzi 40 za Selsiasi. Oili ya 32 ina mnato wa 32, ya 68 ina 68, na inaruhusiwa kuzidi au kupungua kwa asilimia 10.

Hapa South Bend walifanya jambo la busara kuliko wenzao wengi. Chati yao haikutegemea majina ya oili. Ilitoa sekunde za Saybolt katika joto la nyuzi 100 za Fahrenheit, ambazo ni kama 38 za Selsiasi: oili A sekunde 100, oili B sekunde 150 hadi 240, oili C sekunde 250 hadi 500. Kampuni za oili zimenunuana na kubadili majina, lakini sekunde hazijabadilika. Ukizihamishia kwenye namba za leo, A ni ISO 22, B iko kati ya 32 na 46, na C kati ya 68 na 100. A ni ya spindo, ile shafti kuu inayobeba chaki ya kubania kazi. Nzito zaidi zinakwenda kwenye gia na kwenye reli za kitanda. Myford kwa upande wao walitaja Esso Nuto H32 kwa kichwa cha mashine na Febis K68 kwa reli. Herufi H kwenye Nuto isikutishe. Ni oili ya haidroliki, jamii ile ile inayonyanyua bodi za malori ya mchanga.

Kuna mtego wa namba ambao umewaponza wengi. Oili za injini hupimwa kwa SAE, na SAE haisomwi kama ISO. SAE 30 ya injini inakaribia ISO 100. SAE 20 inaangukia kati ya 46 na 68. Kwa hiyo aliyeelekezwa na kitabu aweke SAE 30, akanunua haidroliki 32 kwa kuona namba zimekaribiana, ameondoka na oili nyepesi kiasi cha theluthi moja ya iliyotakiwa. Oili za giaboksi za magari nazo zina mizani yake: SAE 90 ya gia haizidi sana SAE 40 au 50 ya injini kwa mnato, ingawa ukisikia 90 unafikiria lami.

Kwa nini mnato unabeba uzito wote huu? Jibu lilipatikana kwa bahati mwaka 1883. Beauchamp Tower, aliyekuwa akifanya majaribio ya beringi za mabehewa ya reli kwa niaba ya Taasisi ya Wahandisi Mitambo ya Uingereza, alitoboa tundu juu ya beringi ili aweke kikombe cha oili. Shafti ilipozunguka, oili ikapanda kupitia tundu hilo na kumwagika. Akaliziba kwa kizibo, kikasukumwa nje. Akagongea kipande cha mti, nacho kikatoka. Alipofunga geji, shinikizo lilipita ratili 200 kwa inchi ya mraba, mara mbili ya wastani wa mzigo uliokuwa juu ya beringi ile. Miaka mitatu baadaye Osborne Reynolds alieleza kwa hesabu kilichokuwa kikitokea. Shafti inayozunguka huiburuta oili na kuiingiza kwenye ufa mwembamba ulio chini yake, na oili iliyobanwa humo huinyanyua shafti isiguse chuma cha beringi. Shafti inaelea.

Ili ielee, mambo matatu lazima yapatane: mnato wa oili, kasi ya shafti, na upana wa nafasi kati ya shafti na beringi. Ukigusa moja, umeyagusa yote. South Bend walitaka fundi apime nafasi hiyo kwa kunyanyua spindo kwa mtaimbo akitumia nguvu ya ratili 75, huku geji ikisoma kati ya 0.018 na 0.025 ya milimita. Nafasi finyu kiasi hicho, kwenye spindo inayozunguka mara mia kadhaa kwa dakika, inataka oili nyepesi. Oili nzito haiwahi kuingia, na ikiingia huzaa joto kwa kujisugua yenyewe. Joto huipanua spindo, nafasi inazidi kubana, na mwisho wake ni beringi kung'ang'ania shafti. Kwenye South Bend ndogo za zamani, ambazo spindo yake inazunguka moja kwa moja ndani ya chuma cha kusubu bila bushi, kung'ang'ania huko ni hasara isiyo na vipuri.

Na bado mazoea ya karakana nyingi ni kinyume chake. Mashine ikianza kupiga kelele, au kazi ikatoka na mawimbi, mtu anaongeza uzito wa oili. Kelele inapungua kweli, kwa siku chache. Lakini beringi iliyolegea dawa yake ni kurekebishwa. ML7 ina shimu za matabaka chini ya vifuniko vya beringi zake za metali nyeupe. Fundi anabandua tabaka moja jembamba, anafunga, anapima tena. Kazi ya nusu saa. Baada ya hapo oili ya 32 inafanya kazi yake kama ilivyokusudiwa. Ningemsihi kila mwenye mashine ya aina hii asibadili uzito wa oili kabla hajapima beringi.

Utambi nao una neno lake. Kwenye South Bend kila beringi ina kipande cha felti kilichosukumwa na springi kikagusa spindo kutokea chini, na kisima cha oili kiko chini yake. Oili hupanda ndani ya felti kidogo kidogo kwa nguvu ya nyuzi zake nyembamba. Nyepesi hupanda vizuri, nzito husuasua, na iliyochanganywa na unga wa grafiti au molibdenumu huacha unga huo kwenye felti hadi njia zinaziba. Yule anayeongeza "dawa" ya kopo dogo kwenye oili ya spindo kwa nia njema anaweza kuwa anaufunga mlango wa pekee ambao oili hupitia. Felti iliyokaa miaka 60 huwa ngumu kama kisigino cha kiatu, na hapo hata oili sahihi haisaidii.

Tugeukie oili ya injini, maana hapa ndipo kila mtu ana la kusema. Oili ya injini ya leo imejaa sabuni na viongezi vinavyozuia uchafu usitue. Kwenye gari ni jambo jema: masizi na chembe za chuma zinaelea ndani ya oili, pampu inazipeleka kwenye chujio, chujio linazinasa. Mashine yetu haina chujio. Kwenye kichwa cha mashine chenye tangi lake, ambamo gia zinachota oili na kuirusha huku na huku, tunataka chembe zizame na kukaa chini zitulie. Sabuni inazizuia zisizame, kwa hiyo zinapanda na oili, zinapita kwenye meno ya gia na kwenye beringi, zinashuka, zinapanda tena.

Maji ni adui wa pili, na pwani hayaepukiki. Chukua chupa mbili za kioo. Moja tia oili ya injini, nyingine oili ya haidroliki, kila moja ongeza kijiko cha maji, zifunge, zitikise kwa nguvu, uziache usiku kucha. Asubuhi kwenye haidroliki maji yamejitenga yako chini, safi, na oili imekaa juu yake. Kwenye oili ya injini utakuta mchanganyiko wenye rangi ya chai ya maziwa. Ndani ya kichwa cha mashine maji yaliyojitenga hutolewa kwa kufungua nati ya chini; yaliyochanganyika yanabaki na kuzunguka pamoja na gia, yakitia kutu chuma cha gia na beringi.

Lakini haki itendeke. Mahali ambapo oili hupita mara moja na kupotea, sabuni haipati muda wa kudhuru. Tone la SAE 20 ya injini lililoingia kwenye tundu la shafti ya kati saa mbili asubuhi limeshaanguka kwenye trei kufikia saa sita. Wanaosema wametumia oili ya injini miaka yote bila madhara wanasema kweli, na ukitazama mashine zao nyingi ni za kudondoshea, zisizo na tangi. Kosa ni kulichukua jibu la mashine moja na kulipeleka kwenye nyingine yenye mfumo tofauti. Na kwa mashine yoyote, palipokauka pana hatari kubwa kuliko palipotiwa oili isiyo sahihi.

Oili za giaboksi na difu za magari ni suala jingine. Nyingi zina viongezi vya salfa na fosforasi vya kuhimili mgandamizo mkali, hasa zilizoandikwa GL-5. Salfa hiyo ikipata joto hushambulia shaba na jamaa zake, na mashine za zamani zimejaa bushi za bronzi na nati za bronzi kwenye skrubu. Ni kweli kwamba mashine ya kukereza haipati joto la difu ya lori, kwa hiyo uharibifu huenda polepole. Lakini gia za mashine hii hazina mgandamizo wa kuhitaji viongezi hivyo hata kidogo. Unabeba hatari bila faida. Siweki, na simshauri mtu aweke.

Sasa reli za kitanda, mahali ambapo fedha ya ziada ina maana kweli. Kibebeo cha kisu hakizunguki. Kinateleza taratibu, kinasimama, kinageuza njia. Kasi haitoshi kutengeneza ule utando wa Reynolds unaoelea, na muda mwingi chuma kimekaa juu ya chuma kikitenganishwa na chochote kilichoshika usoni. Tatizo lake fundi analijua mkononi hata asipolijua kwa jina. Unataka kisu kiingie sehemu mbili za mia za milimita, unageuza mkono kidogo, hakiendi. Unaongeza, hakiendi. Ghafla kinaruka sehemu tano za mia, na kazi imeharibika. Msuguano wa kitu kilichosimama ni mkubwa kuliko wa kitu kinachoteleza, na tofauti kati ya hiyo miwili ndiyo inayorusha kibebeo.

Oili za reli, kama Mobil Vactra namba 2, Shell Tonna au Drosera ya TotalEnergies, zimetengenezwa kupunguza tofauti hiyo. Zina viongezi vya mafuta vinavyong'ang'ania uso wa chuma, zina kinata kinachozuia oili isitiririke kutoka kwenye reli zilizoinama, zina kinga ya kutu, na nyingi zimetungwa zijitenge na maji ya kukatia. ISO 68 ndiyo ya mashine za kiasi cha benchi; nzito zaidi, 220, imekusudiwa reli za wima na mashine kubwa. Haidroliki 68 ina mnato ule ule lakini haina kinata wala viongezi vya kuteleza. Itakusukuma miezi kadhaa ikiwa hakuna kingine, kwa sharti uipake mara nyingi zaidi. Oili ya msumeno wa mnyororo, ambayo watu huipendekeza kwa sababu inanata, inanata kweli, ila ilitungwa ishike kwenye mnyororo unaokimbia na kupotea msituni. Ninaiona inafaa zaidi kwenye gia zilizo wazi kuliko kwenye reli.

Kabla ya kupaka, futa. Kwenye ncha za kibebeo kuna vipande vya felti vilivyofungwa kwa bati na skrubu mbili. Kazi yake ni kufagia chenga zisiingie chini. Vifungue uone: kwenye mashine ambayo haijaguswa miaka mingi felti imegeuka kibanzi kigumu kilichopachikwa chembe za chuma, na kila kibebeo kinapokwenda mbele kinaipiga reli msasa. Mashine ikichakaa kwa namna hiyo inachakaa karibu na kichwa, pale kazi nyingi zinapofanyika, na fundi anajua kwa kuwa kibebeo kilichokazwa vizuri hapo kinagoma kwenda upande wa mkia. Oili mpya juu ya felti ya namna hiyo inalainisha msasa tu. Felti ya sufi halisi, iliyolowekwa kwenye oili ya reli kabla ya kufungwa, ni kipuri cha bei ndogo kuliko lita moja ya oili.

Grisi inapendwa kwa sababu haivuji, na kutovuja ndiyo kasoro yake hapa. Inakaa palipo, inakusanya unga wa chuma cha kusubu, na mchanganyiko huo ni dawa ya kusagia vyuma. Ukiisukuma kwenye nipeli ya oili, inaziba vijia ambavyo oili ingepitia baadaye. Nipeli za Myford zinafanana mno na za grisi, na mashine nyingi zimezibwa hivyo na watu wenye nia nzuri. Grisi ina mahali pake: beringi za mota zilizofunikwa, na kwa wanaopenda, tabaka jembamba kwenye gia za kubadilisha zilizo nyuma ya kifuniko mbali na chenga. Skrubu ndefu ya kukatia nyuzi ipate oili ya reli, ipigwe brashi kwanza. Eproni yenye kisima ipewe kile kile kinachowekwa kwenye gia za kichwa, au 68.

Kuna oili moja ambayo inatumika sana na ambayo lazima izungumzwe bila kupepesa: oili chafu, iliyomwagwa kutoka injini za magari. Ni ya bure au karibu na bure, iko kila mahali, na katika karakana nyingi ndogo ndiyo inayoingia kwenye kila tundu. Ndani yake mna masizi, chembe za chuma, tindikali na mabaki ya petroli. Mashine isiyo na chujio inapewa uchafu wote ambao injini ilikuwa inajitahidi kuutoa. Lakini mashine ni jambo dogo hapa. Katika karne ya 20 madaktari wa Uingereza waliandika kumbukumbu za saratani ya ngozi ya pumbu kwa wasokota pamba wa Lancashire, ambao nguo zao zilikuwa zikilowa oili ya madini isiyosafishwa vya kutosha kila siku, na baadaye kwa mafundi mashine wa Birmingham. Ufaransa ugonjwa huo huo ulionekana kwa wakerezaji wa bonde la Arve. Oili mpya za leo zimesafishwa zaidi kuliko zile. Oili chafu ya injini imerudishiwa na moto wa injini sumu ambazo usafishaji huo uliziondoa. Kijana mwanafunzi wa ufundi anayesimama mbele ya mashine inayorusha oili hiyo kwenye suruali yake saa nane kwa siku, siku sita kwa wiki, anabebeshwa gharama ambayo haimo kwenye bei ya kazi. Lita 20 za haidroliki mpya hutosha mashine ya benchi kwa muda mrefu sana, na mafundi wawili au watatu wakichanga, sababu ya kutumia oili chafu haipo.

Maji na oili za kukatia ni somo pana, lakini zinaingia hapa kwa kuwa zinachanganyikana na hizi nyingine. Frederick Taylor alionyesha huko Midvale, Marekani, katika miaka ya 1880 kwamba kumwaga maji mengi kwenye ncha ya kisu kunaruhusu kasi kuongezeka kwa asilimia 40 hivi. Tangu hapo viwanda vimemwaga. Mwenye mashine kuukuu asikimbilie. Maji meupe ya kukatia yanapenya chini ya kibebeo, yanaosha oili ya reli, na yakiachwa wikendi yanaacha mstari wa kutu ulionyooka pale kibebeo kiliposimama. Kwa kazi ndogo ndogo brashi na kopo vinatosha. Chuma cha kusubu hukatwa kikavu. Shaba ya njano vivyo hivyo. Alumini inapenda mafuta ya taa kidogo. Chuma cha kawaida kinataka oili ya kukatia yenye salfa, hasa kwenye kukata nyuzi, na hii isivuke kwenda kwenye bushi za bronzi. Vitabu vya zamani hutaja mafuta ya nguruwe kila ukurasa. Fundi asiyeyataka karakanani kwake hapungukiwi, kwani mafuta ya nazi yanafanya vizuri kwenye kukata nyuzi kwa mkono, ila yafutwe kazi ikiisha kabla hayajaganda na kunata, na Mbeya au Limuru asubuhi utayakuta yameshaganda kwenye kopo.

Hali ya hewa inabadili hesabu, na hapa vitabu vya Kiingereza havina msaada. Oili ya 32 ina mnato wa 32 ikiwa nyuzi 40. Ikiwa nyuzi 20, kama karakana ya Nottingham siku njema, inakaribia 80. Ikiwa nyuzi 30, kama Mombasa au Dar es Salaam kivulini, iko kwenye 50 hivi. Mashine iliyobuniwa kwa kuanza kazi na oili ya mnato wa 80 inaanza kwetu na ya 50, na inapopata joto la kazi inashuka zaidi. Nairobi na Arusha sioni sababu ya kubadili chochote. 32 ibaki 32. Pwani, kwa ML7 au mashine yenye bushi inayofanya kazi za kasi ya chini na ya wastani, nachagua 46, na kwenye 30 oili hiyo iko karibu 75, yaani karibu na pale Waingereza walipoanzia. Kipimo cha mwisho ni kiganja juu ya kifuniko cha beringi baada ya nusu saa ya kuzunguka kwa kasi kubwa: kikivumilia kukaa hapo, mambo ni salama, ukikitoa haraka, rudi kwenye nyepesi au legeza beringi kidogo.

Kwa ununuzi, basi, haidroliki 32 au 46 ya kampuni yoyote yenye jina, Tellus, Azolla, Nuto au DTE, iende kwenye kichwa, mota za zamani zenye bushi, na shafti zote za kasi. Oili ya reli 68 iende kwenye kitanda, skrubu na kila kinachoteleza. Ya kwanza ipo kila mji kwa sababu ya matipa na makatapila. Ya pili huagizwa kwa wakala wa vilainishi, mara nyingi kwa ndoo ya lita 20, na inafaa kununuliwa na karakana kadhaa kwa pamoja. Mwenye South Bend iliyobana vizuri atafute ISO 22, kama Velocite namba 10. Akiikosa, 32 itamtosha kwenye kasi za kawaida. Makopo ya kudondoshea yawe mawili yaliyoandikwa, na midomo yake ifunikwe, kwa sababu vumbi la jiwe la kunolea likiingia kwenye kopo limeingia kwenye kila beringi.

Mashine iliyoshikwa na mikono mingi kabla yako haijulikani imenyweshwa nini. Usiianze kwa kumimina oili mpya juu ya ya zamani. Fungua nati za chini oili itoke ikiwa na joto la kazi, futa tope lililotua kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, toa kila utambi na kila felti, piga vijia kwa waya laini hadi mwanga au oili ipite. Petroli na mafuta ya taa ya kuoshea visibaki kwenye visima, maana vitayeyusha oili ya kwanza utakayoweka. Suuza mwisho kwa haidroliki nyepesi na uitupe. Weka tambi mpya zilizolowekwa tangu jana, jaza visima, na uizungushe spindo kwa mkono kwanza hadi uone oili inatokea pembeni mwa beringi zote mbili. Ikitokea kwenye moja tu, usiwashe mota.